Binti Yangu wa Kitengo Maalumu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako daftari, salamu nyingi. Mimi nilifundishwa kuandika barua tu, na kabla sijafundishwa kingine nikatolewa shule, darasa la tatu. Kwa hiyo na wewe utaandikiwa kama barua, univumilie. Huku nyumbani hatujambo. Baba yao hajambo isipokuwa goti, na redio za watu anazotengeneza zimejaa mezani mpaka hatuna pa kuweka sahani. Binti yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Dada, hajambo. Ni muuguzi hospitali kubwa, anakaa nyumba za wauguzi, anakuja akipata nafasi. Anakusalimu, ingawa hajui kama upo. Kitinda mimba hajambo, yuko shule ya bweni, nasikia ananenepa. Kuku hawajambo, wanataga. Jogoo anaumwa jicho. Jirani fundi cherehani naye hajambo, kwa bahati mbaya.

Huyo jirani mimi namwita Sindano. Si mbele yake.

Leo kaja asubuhi amejifunga kitambaa kichwani kama anakwenda msibani. Akakaa bila kukaribishwa. Akanishika mkono, akasema pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema pole tu jirani, tumshukuru Mungu kwa yote. Roho ikanipaa. Nikajua kuna maiti. Kumbe binti yake, ambaye yuko chumba cha upasuaji hospitali ile ile, amemwambia kwamba Dada wangu yuko wodi ya wagonjwa wa akili.

Sasa, mimi tangu mwaka jana nimewaambia watu Dada yuko Kitengo Maalumu. Wakiniuliza maalumu kwa nini, nakohoa. Wengi walidhani anahudumia wakubwa. Mwenye duka alikuwa akinipimia sukari kwa heshima.

Sindano hakunyamaza. Kasema wauguzi wa kule hawajui hata kumchoma mtu sindano, kazi yao kushika funguo. Kasema wakikaa sana na wao wanaanza, kuna mmoja siku hizi anaamkia nguzo za umeme. Kisha akainama, sauti ya huruma, akauliza: "Ila jirani, mtoto alikosa nini mpaka wakamtupa kule?"

Hilo ndilo limenikwama kooni. Alikosa nini. Mwanangu alikuwa wa kwanza chuoni kwao, sasa kapelekwaje kule? Kuna mkono wa mtu hapa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada kaja kupumzika. Nimempakulia, nimemwacha ale, kisha nikamuuliza nani alimpeleka kule. Akasema hakupelekwa, alichagua. Waliofanya vizuri walipewa nafasi ya kuchagua, na yeye akachagua hiyo. Nikamuuliza kama kuna mtu amemwambia aseme hivyo. Akacheka. Nikamuuliza kwa nini hakuchagua upasuaji kama mtoto wa Sindano. Akasema upasuaji ni kazi nzuri na hii ni kazi nzuri, na je, chunguni kumebaki nyama.

Hakuna anayechagua. Mtu akisema alichagua, ujue katishwa.

Nimemchunguza jioni nzima, yeye hajui. Kiti chake cha zamani hakitaki tena. Anakaa karibu na mlango, na jicho haliuachi mlango. Hereni ndefu nilizompa havai, mkufu havai, skafu shingoni hafungi. Hampi mtu mgongo. Sauti imeshuka, laini, kama anabembeleza mtoto wa mtu. Nilipoangusha sufuria hakushtuka hata kidogo, akaniuliza tu, "Mama, leo unajisikiaje?" Mtoto gani anamuuliza mama yake hivyo kwa ajili ya sufuria?

Alipoondoka nikamwambia Baba yao kwamba limeshaanza. Baba yao hakuinua kichwa kwenye redio. Akasema mtu akikaa mlangoni anapata upepo. Nikamwambia anaongea polepole mno. Akasema afadhali. Nikamwambia wauguzi wa kule mwishowe huongea peke yao. Akasema hata mimi naongea peke yangu. Nimemjibu kwamba mimi naongea na kuku.

Mwanamume huyu hana wasiwasi hata kidogo, na ndiyo maana wa nyumba nzima nimebebeshwa mimi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwa matroni, mkuu wa wauguzi wote. Sijamwambia mtu. Nimebeba trei la mayai, nimelifunika kwa gazeti ili wasinifikirie vibaya. Mlinzi getini akauliza ni nini. Nikasema ni dawa. Akasema mbona linataka kubingirika.

Matroni ni mwanamke mnene, miwani puani, saa imebanwa kifuani, ofisi ina feni yake peke yake. Nilitegemea vita. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Wala haikufika huko. Nilipotaja jina la Dada akavua miwani, akasema hata yeye limemuuma. Kichwa kama kile kuozea kule. Akanieleza hospitali ilivyo, kwa vidole. Wodi ya wazee, kuosha na kugeuza. Wodi ya watoto, kucheza. Kliniki ya chanjo, ya wanaotaka kuwahi nyumbani. Wodi ya akili, kufungua mlango na kufunga. Muuguzi wa kweli, akasema, utamkuta upasuaji. Mimi nikawa naitikia kwa kichwa kila kidole.

Akasema atamhamisha. Jumatatu ya tarehe kumi na saba Dada ataanza upasuaji. Akaniomba nisimwambie kwamba nilikuja, nami nikamwomba asimwambie kwamba nilikuja, tukaelewana kama mapacha. Mayai akayasogeza chini ya meza kwa mguu.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Nikapita makusudi mbele ya cherehani ya Sindano. Akauliza kuna nini. Nikakohoa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sikulala.

Mbona alikubali upesi vile? Mkubwa wa ofisi anamkubalia mtu wa trei moja? Mimi hata kubadilishiwa nyanya iliyooza sokoni nasimama nusu saa. Kama aliweza kumtoa kwa neno moja, basi yeye ndiye aliyemweka. Na kama alimweka kwa kosa, kosa hilo lipo, na litamfuata mwanangu hata huko upasuaji. Atakuwa ameshika mkasi, watu wananong'ona nyuma ya barakoa.

Lazima nijue kosa. Kumuuliza Dada hakusaidii, atasema alichagua. Kumuuliza matroni ni kumwamsha aliyelala. Iliyobaki ni kuingia mwenyewe wodini nione kwa macho. Jamaa wa wagonjwa wanaruhusiwa, ila mimi sina mgonjwa.

Nimefikiri huku napepeta mchele. Nimepata. Mgonjwa nitakuwa mimi.

Kesho Dada hayuko zamu, alisema mwenyewe. Nitavaa sweta la kijani nje ndani. Kiatu kimoja cha kahawia, kimoja cheusi. Nitacheka ovyo kidogo. Nimejaribu mbele ya kioo. Baba yao kapita, akaniangalia, akaendelea na safari yake ya chooni. Hii ndoa ina miaka mingi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku nzito. Niandike polepole.

Mapokezi waliniuliza jina. Hili sikuwa nimelifikiria. Nikitaja langu, Dada atalikuta. Ulimi ukateleza wenyewe, ukataja jina la Sindano, jina kamili, na mtaa, na nyumba yenye geti la bluu. Si uongo mkubwa. Geti lao ni la bluu kweli.

Nikapelekwa kwa muuguzi wa kiume. Mrefu kama mlingoti, mikono mikubwa. Nilimpa jina la Kaka Mrefu pale pale. Akasimama kunipokea, akanivutia kiti, yeye akakaa karibu na mlango. Kumbe wote wanakaa hivyo. Nimeandika hapa nisisahau.

Nikacheka ovyo. Akangoja nimalize. Akaniuliza kama naona baridi, maana sweta nimeligeuza, na kama nataka kulivaa vizuri yeye atatazama pembeni. Nikamwambia niko sawa. Akauliza nalala vipi. Daftari, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilikuwa nimepanga kusema nalala juu ya paa. Badala yake nikasema silali. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu wanangu wazaliwe. Hakucheka. Akauliza nikiwa macho huwa nafikiri nini. Nikamwambia yote. Kwamba nasikia kila geti linalofunguliwa mtaani. Kwamba kitinda mimba asipoandika naona ajali. Kwamba kuna mkubwa ananichukulia mayai. Kwamba jirani ananichoma. Kwamba nina binti anayefanya kazi nisiyoweza kuitaja, nami naogopa amepewa kwa adhabu, na sijui kama kosa ni lake au ni langu, maana mimi ni mtu wa darasa la tatu, na huenda walimwona hana watu.

Hapo macho yakaniwasha. Feni la chumba kile lina vumbi.

Akanipa kitambaa cha karatasi. Hakunipa dawa. Akasema nirudi Jumatatu tuongee zaidi, na nisipoweza, je, wanaruhusiwa kupita nyumbani kunijulia hali? Ndivyo wanavyofanya, mtu asipofika wanamfuata. Nikasema karibuni sana. Mdomo wangu una adabu kuliko akili yangu.

Nikitoka, nikamwona Dada. Ameitwa zamu kumbe. Yuko kwenye korido, amekaa sakafuni na sare yake, mgongo ukutani, mbele ya mlango wa choo uliofungwa. Wenzake wamesimama mbali. Nikavuta sweta usoni. Mama mmoja kwenye benchi akaninong'oneza kwamba ndani yumo kaka yake, amevunja kioo, ameshika kipande, na muuguzi yule amekaa pale tangu chai ya asubuhi. Nikamsikia Dada anaongea habari za mbuzi. Mbuzi gani, sisi hatuna mbuzi. Anauliza yule mwenye pembe moja alikuwa anamsumbua nani hasa pale kijijini. Ndani kimya. Anaongea tena. Ndani mtu akajibu kitu kuhusu mbuzi. Baadaye sana mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono, na Dada akakipokea kile kipande cha kioo kama mtu anayepokea kikombe kilichokwisha chai.

Yule mama wa benchini akajifunika uso akalia.

Mimi nikashika ukuta. Kisha nikajikaza. Ushahidi ninao sasa. Wanamkalisha mwanangu sakafuni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kwa Kaka Mrefu sijakwenda. Kazi yangu kule ilikwisha. Ila usiku wa Ijumaa nililala mpaka jogoo akachoka kuwika. Nadhani ni mto mpya nilionunua.

Dada kaja bila kutarajiwa. Hakuvua viatu. Akamwambia baba yake, mimi nikiwepo, kwamba anahamishwa upasuaji Jumatatu ijayo. Nikajiandaa kupiga vigelegele. Nikamwona uso, nikavimeza.

Akasema msimamizi wa wodi yao anastaafu mwisho wa mwezi, na daktari wa wodi alikuwa ameshampendekeza yeye achukue nafasi. Wagonjwa wamemzoea. Kuna wanaokula akiwepo yeye tu. Sasa matroni anamwambia nafasi hiyo si ya mtu mwenye akili zake, na kwamba kuna ndugu wa karibu aliyekuja kumwombea ahamishwe.

Baba yao akanitazama. Mimi nilikuwa naosha sahani. Zilikuwa safi, nikaziosha tena.

Dada akasema akijua ni ndugu gani, atamwuliza kitu kimoja tu: alimwona lini akiifanya kazi hiyo hata akajua haifai? Akasema kama lazima ahame, ataomba hospitali ya mbali kabisa, yenye wodi kama ile, na huko kuja nyumbani itakuwa mara moja kwa mwaka. Akaondoka. Chakula hakugusa.

Sindano, aliyekuwa akisikiliza upande wa pili wa ukuta, akaniuliza jioni kama tuna msiba.

Nadhani Dada ananishuku. Sijui kwa nini watu wanapenda kushuku.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nimekufa nikafufuka.

Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, kwa ajili ya hewa. Nikamwona Kaka Mrefu anakuja mtaani kwetu, amevaa nguo za kawaida ili watu wasijue ni wa wapi. Kumbe ndivyo wanavyomtunzia mtu heshima. Kando yake Dada, anamwonyesha njia, maana mtaa ni wake. Dada akabaki nje ya geti la bluu. Hakutaka kuingia kwenye siri ya jirani. Kaka Mrefu akabisha hodi kwa Sindano.

Ukuta wetu ni wa mabati. Nilisikia kila kitu.

Akamsalimia kwa upole, akamwambia ametoka hospitali, amekuja kumjulia hali mwenye nyumba, yeye ndiye? Sindano akasema ndiye. Akamuuliza analala vipi siku hizi. Sindano akasema yeye analala, kwani nani kasema halali? Akamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna aibu. Sindano akasema hana wasiwasi, sauti sasa iko juu ya bati. Akasema hajawahi kukanyaga kule, yeye ana mtoto upasuaji, ana akili timamu, aulizwe hata mwenye duka. Kadiri alivyokana ndivyo nilivyoona, Mungu nisamehe, kwamba hata mimi ningemwandikia miadi.  Nadhani Kaka Mrefu alimwangalia vizuri, akaona si uso ule. Akaomba radhi, akasema amekosea nyumba. Lakini akiwa mlangoni bado akamuuliza, kwa vile tayari yuko pale, kama kweli analala. Nikasikia Sindano anavuta kiti cha cherehani, anakaa. 

Akatoka. Akasimama na Dada kwenye kona ya ukuta wetu, karibu na kamba yangu ya nguo. Akaanza kusema huenda jina liliandikwa vibaya. Hakumaliza. Sweta la kijani lilikuwa kwenye kamba, nje ndani, kwa sababu ndivyo linavyokauka upesi. Akalitazama. Dada akamtazama anavyolitazama. Kisha Dada akageuza kichwa taratibu mpaka kwenye pazia langu.

Nikaingia kitandani na viatu.

Dada akaingia peke yake. Hakupiga kelele, na ningependa apige. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango wa chumba, akaniuliza, "Mama, unajisikiaje?" Nikasema nina homa. Akasema sawa. Akangoja. Hawa watu wanajua kungoja. Nikamwambia kuhusu matroni. Nikamwambia kuhusu mayai. Nikamwambia kwamba jina la Sindano lilitoka lenyewe. Nikamwambia nilimwona sakafuni na mtu ana kioo, na tangu siku hiyo kila nikifumba macho nauona ule mkono.

Hakukasirika kama nilivyotaka. Alichoka. Akaniuliza kama nakumbuka alipozaliwa kitinda mimba. Nikasema nakumbuka, mvua zilikuwa nyingi. Akasema, "Ulikuwa husemi, mama. Ulikuwa unaangalia ukuta. Watu wakasema umelogwa. Akaja mwanamke kwa miguu kutoka zahanati, akakaa chini, akakuchana nywele huku anaongea habari za mvua. Akaja tena na tena. Siku moja ukamjibu. Mimi nilikuwa mlangoni nimembeba mtoto." Akasema yule alikuwa muuguzi wa akili. Hivyo ndivyo alivyochagua.

Mimi nakumbuka nilikuwa nimechoka tu. Na yule mwanamke siku zote nilidhani ni msusi.

Dada akasimama. Akasema Ijumaa nina miadi, kwa jina langu, na yeye hatakuwepo chumbani. Kuhusu uhamisho hakusema kitu. Hakusema atakuja lini.

Baadaye Sindano akaja na ghadhabu, akasema kuna mwanaharamu ametumia jina lake. Nikamwambia dunia imeharibika. Nimemwahidi kumsaidia kumtafuta.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimerudi kwa matroni, bila mayai. Korido imejaa watu wanangoja.

Nilianza kwa unyenyekevu. Nikasema nilikosea, amwache mtoto alipo. Akasema haiwezekani, upasuaji wanamsubiri. Nikamsihi. Akacheka, akasema mama, mimi nakuokolea mtoto, pale hakuna uuguzi, ni kufungua mlango na kufunga.

Sijui kilichonipata. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe, nimeyaitikia kwa kichwa ofisini humo humo. Lakini kuyasikia kwa mwanamke mwingine juu ya mwanangu, damu ikapanda. Nikasimama. Nikamwambia huo mlango wa kufungua na kufunga mimi nimeuona ukifunguliwa. Nyuma yake palikuwa na mtu na kipande cha kioo. Nikamuuliza yeye angeufungua na nini, na mkasi? Nikamwambia mwanangu ameufungua na mbuzi. Hakuelewa, na mimi sikueleza.

Akasema nipunguze sauti. Sikupunguza. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, korido nzima imekaza shingo. Akasema juzi nilileta mayai amtoe, leo nimekuja amrudishe, je, mama, unaumwa?

Nikamwambia, "Naumwa ndiyo. Nina miadi kesho. Na anayenihudumia anaijua kazi yake."

Mtu kwenye korido akapiga makofi. Nilipogeuka, ni yule mama wa benchini. Akaingia bila kuitwa, akasema kaka yake jana amekula sahani nzima, na kama muuguzi yule anahamishwa, basi matroni mwenyewe ndiye akae naye sakafuni. Wakaongezeka wawili, mmoja ni wa wodi ya wazee, anadai huko nako si kuosha na kugeuza tu. Nikawaachia ofisi.

Nimefika nje. Nikakumbuka sikudai trei langu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimekwenda kwa Kaka Mrefu. Kwa jina langu, sweta upande wake. Nilimweleza kwamba mara ya kwanza nilikuwa naigiza. Akasema sawa. Nikamuuliza kama nilimdanganya vizuri. Akasema katika yale niliyosema, uongo ulikuwa kidogo sana.

Tumeongea. Yaliyoongelewa ni yetu. Kanifundisha kupumua kwa tumbo, kitu nilichodhani nakijua. Kasema nirudi kila Ijumaa kwa muda. Inaonekana niliigiza vizuri sana, mpaka sasa hawataki kuamini kwamba nimeacha.

Nimerudi nikalala tena, mchana kweupe. Mto ule ni mzuri kweli.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Dada kaja. Na viatu amevua.

Haendi upasuaji. Kasema Jumanne iliyopita alimwandikia matroni kukataa, na daktari wao naye akaandika, na matroni akawakalia kimya. Alhamisi mchana akamwita, akamwambia achukue wodi yake, msimamizi ni yeye, na tafadhali mama yake asikanyage tena ofisini. Dada anasema ni barua. Baba yao anasema ni barua. Mimi nimewaacha na barua zao.

Kala sahani mbili. Alipoondoka akaniambia atakuja Jumanne, kama zamani. Nikageukia jiko.

Nimetoka nje nikasimama mahali pa kusikika. Nikamwambia mwenye duka kwamba binti yangu ni msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Nimeisema yote bila kukohoa. Nikamwambia muuguzi ni muuguzi, awe wa wazee, wa watoto, wa chanjo, na anayedharau kazi ya mwenzake hajaugua bado. Hakuna kazi ya adhabu pale, watu wanachagua kwa moyo. Nilisema vizuri mpaka nikajishangaa.

Sindano alikuwa pembeni. Nikajua atachoma. Badala yake akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ndogo kama yule kijana mrefu anaweza kupita tena. Akasema tangu mumewe afariki hakuna aliyemuuliza kama analala. Na halali. Nikamshika mkono. Nikamwambia Ijumaa twende pamoja, nitamwonyesha pa kukaa. Tukalia kidogo, yeye zaidi.

Nimerudi ndani moyo mweupe kabisa. Nikakaa. Nikaanza kufikiri.

Huyu Kaka Mrefu. Alimsindikiza Dada mpaka mtaani kwetu. Kweli ilikuwa kazi, lakini mbona walitembea sambamba? Jana kutwa Dada alikuwa naye zamu. Leo wakati anakula amemtaja mara mbili, mara ya pili bila sababu. Mimi ni mama, najua chakula kinavyotafunwa mtu akiwa na jambo.

Sina neno. Kijana mpole. Ila mwanamume mzima, mrefu vile, mikono ile, angeweza kuwa daktari, angeweza kuwa rubani, kakaa kwenye wodi ile miaka yote. Nilimuuliza Ijumaa kwa nini. Akatabasamu, akasema alichagua.

Eti alichagua.

Alisema amekulia karibu na tanuri la matofali, na huko ndiko anakokaa shangazi wa wanangu. Nimeandika ujumbe, naunakili hapa kabla sijautuma:

Wifi yangu mpenzi, salamu, sisi wazima, goti la kaka yako ni lile lile. Mtaani kwenu amekulia kijana mmoja mrefu sana, muuguzi, mtoto wa fundi viatu. Ulizia kwa akili, usiseme ni mimi. Uliza alikosa nini mpaka wakampeleka wodi ya akili. Usikubali wakikwambia alichagua. Unijibu upesi, usingoje mtu wa kuja huku, piga hata simu ya mwenye duka, maana Ijumaa naonana naye tena na sitaki nikae mbele yake sijui kitu.